Tiki Moja

Saa nne kasoro dakika kumi usiku nilimtumia dada yangu ujumbe wa kumwomba radhi. Ulikuwa na mistari saba na ulinichukua karibu saa nzima, kwa sababu kila nikifika mstari wa nne naona kama najitetea. Nafuta, naanza upya. Mwishowe nikabonyeza kutuma haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Ikatokea tiki moja.

Siku mbili nyuma, kwenye kikundi cha familia, mbele ya wajomba na mashangazi na watoto wao, nilikuwa nimemjibu kwa maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Hakunijibu. Dada yangu akigomba mambo ni mepesi, yataisha kabla jua halijazama. Akinyamaza, ujue umemkata.

Basi nikakaa kitandani nikiitazama ile tiki. Saa nne na robo, moja. Saa nne na nusu, moja. Simu yake hazimi, namjua. Kulala, halali mapema. Nikajumlisha, nikatoa, nikabaki na jibu moja: amenibloku.

Saa tano na dakika tano nikaukandamiza ule ujumbe kwa kidole mpaka ukabadilika rangi, nikachagua kuufuta kwa wote. Kama hanitaki, basi hata radhi yangu asiione.

Asubuhi ndipo nilipojua kwamba programu ile ya kuchati ilikuwa na hitilafu tangu saa tatu na nusu usiku, na ilikaa sawa saa saba.

Ni majuma sita sasa, na jambo hili bado limenikwama kooni.

## Tiki inasema nini hasa

Sote tunajua lugha hii. Kisaa kidogo: ujumbe bado uko kwenye simu yako. Tiki moja: umeondoka, seva, ule mtambo wa kampuni unaopitisha jumbe, imeupokea. Tiki mbili: umeingia kwenye simu ya mwenzako. Zikigeuka rangi: ameusoma, na kama hajibu ni shauri yake.

Lakini hebu ikague ile tiki moja. Inasema kitu kimoja tu, kwamba seva imeupokea ujumbe wako. Haisemi lolote kuhusu mtu unayemwandikia. Huenda simu yake imezimwa. Huenda data imekwisha, au amepanda chombo kinachopita mahali pasipo na mnara. Huenda amebadilisha namba. Huenda amekubloku. Na huenda kuna mtambo, mbali sana, ambao umepokea ujumbe wako na hauna uwezo wa kuusukuma hatua inayofuata.

Sababu zote hizo, alama moja.

Siku za kwanza hili lilinikasirisha. Niliona ni uzembe. Kampuni inayojua sekunde niliyoamka inashindwaje kuniambia, "Subiri, kosa ni letu"? Kisha nikakumbuka kwamba ukungu huu umewekwa makusudi. Programu za kuchati hazikwambii umeblokiwa, na hazikwambii kwa sababu nzuri: kuna watu wanaomkimbia mtu mbaya, na mtu mbaya hatakiwi kupata taarifa rasmi kwamba amefungiwa mlango. Aliyebloku analindwa na huku kutojua kwako. Mimi mwenyewe nimewahi kuutumia ukungu huu, na nilishukuru upo.

Kwa hiyo siwezi kudai uondolewe. Ninachojua sasa ni kwamba hitilafu ikitokea inaingia kwenye ukungu uleule na kujificha humo. Mtambo ulionyamaza na mtu aliyenyamaza wanavaa nguo moja, na saa tano usiku, ukiwa na hatia moyoni, utamwona mtu.

## Kumtafuta mchawi

Kabla sijafikia kufuta ule ujumbe nilifanya mambo mengine, na hayo ndiyo yanayonichekesha kidogo.

Niliwasha hali ya ndegeni, nikaizima. Nikazima waifai, nikatumia data. Nikarudi kwenye waifai. Nikaenda kuchomoa ruta, nikahesabu mpaka thelathini, nikaichomeka, nikasimama mbele yake kama anayesubiri uji uchemke, nikiangalia taa ya tatu ilivyokuwa ikipepesa. Taa ikatulia. Tiki bado moja.

Nikasema nijipoteze na filamu. Nikafungua programu ya kutazamia. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Kisha ikanitoa kwenye akaunti na kunitaka niingie upya. Nikaandika nenosiri, ikasema kuna tatizo, jaribu baadaye. Nikaandika tena, polepole, herufi moja moja, kama kwamba vidole vyangu ndivyo vyenye makosa. Ikakataa.

Hapo palikuwa na fununu kubwa kabisa. Programu mbili zisizohusiana, usiku mmoja, zote zinachechemea. Mtu mwenye akili tulivu angesema: ah, kuna kitu huko mbele. Mimi nikasema intaneti ya nyumbani ni mbovu, na dada amenibloku. Wachawi wawili kwa tukio moja.

Nimekuja kugundua siko peke yangu. Kuna tovuti zinazokusanya malalamiko ya watumiaji na kuyachora kama mlima: mlima ukipanda ghafla, ujue kuna jambo. Lakini mlima ule unahesabu malalamiko, na malalamiko si uchunguzi. Programu kubwa ikianguka, utaona hata kampuni za simu zinapandishiwa mlima wao, ilhali minara yao haina tatizo lolote. Mtu amefungua simu, hakuna kinachofanya kazi, anamlalamikia yule anayemlipa kila mwezi. Ndiye aliye karibu.

Na kuna lingine ambalo nililisoma kwa aibu. Wakati tunapobonyeza na kubonyeza tena, tunaongeza mzigo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipopotea kwa takribani saa sita, kampuni ya Cloudflare, ambayo ina huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, ilisema maswali kuhusu majina ya Facebook yaliongezeka mara 30 kuliko kawaida. Sehemu ya hayo ilikuwa vidole vya watu. Sehemu nyingine ilikuwa programu zenyewe, zinazoomba, zinanyimwa, zinaomba tena bila kuchoka.

Programu iliyoandikwa kwa adabu haifanyi hivyo. Ikikataliwa inasubiri sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, na kila simu inaongeza kipande kidogo cha muda wa kubahatisha ili simu milioni zisigonge mlango kwa pamoja. Nilipolisoma hili nilijikumbuka nikiwa kitandani. Mimi sikuwa nasubiri hata sekunde mbili.

## Ukurasa wa kijani

Nina rafiki anayelinda seva za kampuni moja. Ana zamu za usiku; simu yake ikilia saa tisa anaamka kabla mlio wa pili haujafika. Nilipomsimulia habari ya tiki alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Uliangalia ukurasa wao wa hali ya huduma, ule wanaotangazia kama mitambo iko sawa?"

Nikamwambia niliuangalia. Ulikuwa wa kijani kila mahali. Kila kitu kiko sawa.

Akacheka cheko la mtu aliyezoea msiba.

Kurasa hizi, alinieleza, mara nyingi hubadilishwa na binadamu. Na binadamu huyo usiku ule ana kazi mbili: kuzima moto na kutangaza kwamba kuna moto. Ataanza na ipi? Halafu kuna suala la nani mwenye ruhusa ya kutangaza. Neno "hitilafu" likishaandikwa pale lina gharama, kuna mikataba, kuna wateja wanaodai fidia. Kwa hiyo ukurasa unachelewa. Siku nyingine unachelewa dakika kumi, siku nyingine unageuka rangi baada ya kila mtu kwenda kulala.

Na siku nyingine unashindwa kabisa kubadilika. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha tarehe 28 Februari 2017. Mfanyakazi wa Amazon, akifuata utaratibu ulioandikwa, aliingiza amri ya kuondoa seva chache katika hifadhi yao iitwayo S3, ambako tovuti nyingi huweka picha na faili zao, ile ya kaskazini mwa Virginia, Marekani. Sehemu moja ya amri ikaingizwa vibaya, zikaondoka nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Kwa saa kama nne sehemu kubwa ya intaneti ikawa na picha zisizofunguka na kurasa nusunusu. Watu wakakimbilia ukurasa wa hali ya huduma wa Amazon.

Ulionyesha kijani. Ukurasa wenyewe ulitegemea S3.

Amazon waliishia kutoa taarifa kupitia Twitter mpaka waliporekebisha. Nilipomsomea rafiki yangu, naye anakijua vizuri kuliko mimi, alisema tu, "Kengele ya moto iliyofungwa kwa kamba inayoungua."

Kwa haki, mtandao wa kuchati ulioninyima usingizi uliandika taarifa. Ilitoka saa sita usiku na dakika arobaini. Mimi nilikuwa nimeshafuta.

## Nyumba ni nzima, mlinzi amepotea

Lile la filamu lilinisumbua kwa namna yake. Kwa nini iniambie niingie upya? Nenosiri langu lilikuwa sahihi. Nimeliangalia baadaye, ni lilelile.

Jibu nililipata kwenye tukio la tarehe 14 Desemba 2020. Siku ile huduma za Google zilizimika kwa muda usiofika saa moja: barua pepe, hati, YouTube. Lakini watu wachache wajanja waligundua jambo. Ukifungua YouTube kwenye dirisha la faragha la kivinjari, pasipo kuingia kwenye akaunti, video zinacheza kama kawaida. Maktaba nzima ilikuwepo. Kilichokufa ni ile huduma inayokutambua wewe ni nani.

Na ilikufaje? Mfumo unaogawa nafasi ya kuhifadhia, ambao ulikuwa umebadilishwa lakini vipande vya ule wa zamani vikabaki, uliona kwamba huduma ya utambulisho inatumia nafasi sifuri. Sifuri! Huduma ambayo kila mtu anapita kwake. Mfumo ukaamua: huyu hatumii kitu, apunguziwe. Ukampunguzia mpaka akashindwa kuandika, na mlinzi wa geti akawa hamjui mtu yeyote.

Tangu niyasome hayo, nikiambiwa "ingia upya" bila sababu, sikimbilii kubadilisha nenosiri. Najaribu kwanza dirisha la faragha, au naangalia kama simu ya jirani inaingia. Ukibadilisha nenosiri wakati mlinzi amechanganyikiwa, unaweza kuishia na nenosiri jipya ambalo upande mmoja unalijua na upande mwingine haulijui.

Baya zaidi ni kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Nilikaribia. Kidole kilikuwa juu ya neno "Ondoa". Programu nyingi za kuchati ukizirudisha zinataka zikutumie namba ya uthibitisho, na namba hiyo inatoka kwenye mitambo ileile iliyolala. Waliofanya hivyo usiku ule walikosa jumbe mpya na zile za zamani pia, wakabaki wanatazama kisanduku cha tarakimu sita wakisubiri namba isiyokuja. Na kama hawakuwa wameweka nakala ya mazungumzo, ndo basi.

Sijui kilichonizuia. Uvivu, nadhani.

## Wapangaji wa jengo moja

Zile programu mbili za usiku ule, ya kuchati na ya filamu, ni za kampuni tofauti, nchi tofauti, hata wateja wao si haohao. Zimewezaje kuugua pamoja?

Zimepanga jengo moja. Kampuni nyingi za mtandaoni hazina mitambo yao. Zinakodi kwa wenye majengo wachache wanaoitwa watoa huduma za wingu. Mwenye jengo akikata maji, wapangaji wote wanakosa. Tarehe 20 Oktoba 2025 lilitokea kwenye jengo lilelile la kaskazini mwa Virginia. Mifumo miwili ya kujiendesha ya Amazon ilipishana vibaya, mmoja ukafuta kile ambacho mwingine ulikuwa umeandika, na anwani ya hifadhidata muhimu ikabaki tupu. Tupu kabisa, kama jina kwenye kitabu cha simu lisilo na namba mbele yake. Snapchat ikaanguka. Signal ikaanguka.

Signal ndiyo iliyonishtua. Hii ni programu ambayo wengi waliihamia wakikimbia kampuni kubwa. Jumbe zake zimefungwa kwa ufunguo ambao hata wenyewe hawana. Na bado mtambo wa kubebea jumbe hizo umekodiwa kwa mmoja wa wenye majengo wakubwa kuliko wote, kwa kuwa kuendesha mawasiliano ya papo hapo dunia nzima kunataka mitambo ambayo wanaoweza kuijenga wanahesabika kwa vidole.

Wakati mwingine hata mlango wa kuingilia jengo ni mmoja. Tarehe 8 Juni 2021 mteja mmoja wa kampuni ya Fastly, ambayo kazi yake ni kusogeza kurasa karibu na wasomaji, alibadilisha mipangilio yake. Hakukosea; lilikuwa badiliko halali kabisa. Likaamsha kasoro iliyokuwa imelala kwenye programu tangu Mei, na asilimia 85 ya mtandao wa Fastly ikaanza kurudisha makosa. Reddit, Twitch, magazeti makubwa, wote chini. Ndani ya dakika 49 karibu kila kitu kilikuwa kimerudi, na kuna watu wengi ambao wakati huo walikuwa wanachomoa ruta zao.

"Swali letu la kwanza ni moja tu," rafiki yangu wa zamu aliniambia. "Nani amegusa nini?"

Mitambo huvunjika yenyewe, kweli, na nyaya za baharini hukatika. Ila ukizisoma taarifa za baadaye, zile zinazoandikwa kwa utulivu, mara nyingi sana kuna mtu au programu iliyobadilisha kitu dakika chache kabla.

## Mtu aliye upande wa pili

Nilitaka makala hii iwe ya hasira. Ilianza hivyo. Kisha nikaenda kusoma kwa undani lile la Facebook la Oktoba 2021, na hasira ikanipungukia mkononi.

Ilikuwa kazi ya kawaida ya matengenezo. Mtu alitoa amri ya kupima uwezo wa mtandao unaounganisha vituo vyao vya data. Kulikuwa na chombo cha kukagua amri za hatari kabla hazijatekelezwa. Chombo hicho kilikuwa na kasoro, kikaipitisha. Amri ikakata viungo vyote. Seva zao za majina, zile zinazotafsiri majina ya tovuti zao kuwa anwani, zilizo nje kidogo ya vituo, zikajiuliza: je, tunaviona vituo vya data? Hatuvioni. Basi sisi ni wagonjwa, tujiondoe. Zikaacha kuitangazia dunia njia ya kuzifikia. Zilifanya kile zilichofundishwa kufanya.

Wahandisi wakataka kuingia kutoka mbali kurekebisha. Njia waliyoitumia kuingilia ilikuwa mtandao uleule uliokufa. Vyombo vyao vya ndani navyo vilikuwa humo. Ikabidi watu wasafiri mpaka kwenye vituo wenyewe, na vituo vile vimejengwa makusudi ili mtu asiingie kirahisi, na hata akiingia asiweze kugusa mtambo kirahisi. Ulinzi wote ule, mzuri na wa busara, ukawa unawachelewesha wenye nyumba.

Na walipopata njia, hawakuweza kuwasha kwa mkupuo. Matumizi ya umeme yalikuwa yameshuka kwa makumi ya megawati kwenye vituo. Ukirudisha mzigo huo ghafla, na mabilioni ya simu yanagonga mlango kwa pamoja, unaweza kuua kilichopona. Ikabidi warudishe kidogo kidogo, huku dunia ikiwatukana kwenye mitandao mingine.

Nikamwazia huyo aliyetoa amri. Jina lake silijui na sitaki kulijua. Nafikiria ile dakika ya kwanza, kabla hajaambiwa na mtu, skrini ilipoacha kumjibu. Nadhani naye alifikiri ni waifai yake.

Hapa ndipo nilipogeukia upande wangu. Kampuni ilichelewa kusema, sawa. Ukurasa ulikuwa wa kijani, sawa. Lakini nani aliyetafsiri tiki moja kuwa chuki? Dada yangu hajawahi kunibloku maishani. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hatia, na hatia inatafuta hukumu popote, hata kwenye alama ndogo ya kijivu. Siku ambayo sina kosa na mtu, tiki moja naiona na kuendelea na shughuli zangu.

Lakini sijajisalimisha kabisa. Wanaotengeneza programu hizi wanajua fika kwamba tunasoma alama zao kama uso wa mtu. Wamezipa rangi, wamezipa saa ya mwisho mtu alipoonekana, wametufanya tujue mwenzetu "anaandika…" halafu akaacha. Mstari mmoja juu ya skrini ungetosha, wa kusema jumbe zinachelewa kufika. Ukungu wa aliyebloku ungebaki palepale, maana mstari huo ungetokea kwa kila mtu. Baadhi ya programu huonyesha kitu kama hicho simu yako inapokosa mtandao: "Inaunganisha…" Kinachokosekana ni ule ujasiri wa kusema kwamba safari hii aliyekosa mtandao ni wao.

Rafiki yangu anasema ni kazi ngumu kuliko ninavyodhani, kwa sababu mtambo uliougua mara nyingi haujui umeugua. Namwamini. Lakini wale waliobadilisha ukurasa saa sita na dakika arobaini walikuwa wanajua.

## Ujumbe huu umefutwa

Kuna jambo moja ambalo sikulifikiria usiku ule, nalo ni rahisi.

Ujumbe wangu ulikuwa umeshafika kwenye seva. Nilipoufuta, amri ya kufuta nayo ilikwenda ikapanga foleni nyuma yake. Saa saba usiku mitambo ilipoamka, vyote viwili vikaletwa kwenye simu ya dada, kimoja baada ya kingine. Hakuona mistari saba. Aliona maneno matatu, na jina langu juu yake, na saa.

Fikiria unayaona hayo kutoka kwa mtu aliyekutukana mbele ya ukoo siku mbili zilizopita.

Alinyamaza siku kumi na moja. Mimi nami nikanyamaza, nikingoja aone kwamba nimenyamaza. Siku ya kumi na mbili alinipigia, simu ya kawaida, ya sauti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Kisha kimya kidogo. "Mdogo wangu, usiku ule uliniandikia nini ukafuta?"

Nikaanza kumweleza. Hitilafu, seva, foleni, kwamba watu wengi walipata shida usiku huo, kwamba hata ukurasa wao—

"Sikuulizi habari za mitambo. Nakuuliza uliandika nini."

Nikafungua mdomo na kugundua kwamba sikumbuki. Saa nzima ya kuandika, mistari saba, na kichwani umebaki wa kwanza tu. Nikausema. Sauti ilinitoka nyembamba.

"Na mengine?"

Mengine niliyatunga palepale, nikijikwaa. Nikafika mahali nikaanza kueleza kwamba siku ile kwenye kikundi nilikuwa nimechoka, na kwamba yeye naye alivyoanza kuniuliza mbele za watu—

"Hapo," dada akasema, "hapo ndipo ungefuta."